Mivule ya Pemba na vinasaba vyake: yaliyonikuta kabla ya kufika maabara

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu mvule, na swali lake lilikuwa fupi: mivule iliyobaki kaskazini ya Pemba, ndani ya msitu wa Ngezi na katika mashamba ya mikarafuu yaliyo jirani, ina utofauti gani wa kijenetiki, na je, bado inapelekeana chavua na mbegu kama jamii moja au kila kundi limeshajifungia peke yake? Naandika haya kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba wanaofikiria kuingia katika kazi ya aina hii. Vitabu vya kuchambua vinasaba ni vingi, lakini sikupata hata kimoja kilichoniambia kwamba fedha, muda na ukweli wa matokeo hupotea zaidi chini ya mti kuliko ndani ya maabara.

Pemba ilinivutia kwa sababu ya bahari yake. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, na katika zama za mwisho za barafu, maji ya bahari yaliposhuka kwa takriban mita 120, Unguja ilikuwa ni sehemu ya bara, hivyo mimea na wanyama wa pande mbili walichanganyika bila ya kizuizi. Pemba habari yake ni nyingine. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita ambao haukukauka zama hizo, na ndiyo maana kisiwa hiki kina viumbe wasiopatikana kwengine, kama vile popo wa Pemba, ambaye ni popo mkubwa wa matunda, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao ndugu zake takriban wote wako Bukini, yaani Madagaska. Mvule, kinyume chake, umeenea katika Afrika ya kitropiki kutoka magharibi hadi mashariki. Basi mvule wa Pemba lazima uliwahi kuvuka maji, ama ndani ya tumbo la popo au ndege, ama mikononi mwa watu, na kila njia huacha alama yake katika vinasaba: mbegu chache zilizofika mara moja huzaa jamii yenye utofauti mdogo, ilhali mbegu zilizoendelea kuja kwa vizazi vingi huleta aina nyingi za jeni.

Kuhusu vibali nitasema machache, kwa sababu taratibu hubadilika. Kibali cha utafiti, kibali cha kuingia hifadhini, na ruhusa ya kutoa sampuli nje ya Zanzibar ni mambo matatu mbali mbali, na aliyekupa la kwanza hakuahidi la pili. Yaombe yote kwa pamoja kabla hujanunua hata mfuko mmoja. Baada ya hapo nenda kwa Sheha wa kila shehia utakayopita, tena nenda mwenyewe, usimtume mtu. Barua yenye mhuri hufungua mlango wa ofisi, lakini aliyenifungulia milango ya mashamba ni Sheha, aliyenitembeza nyumba baada ya nyumba na kunitambulisha kuwa ni mtoto wa fulani, wa upande fulani, asiyekuja kununua mbao. Maneno haya ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko mhuri. Mtu anayezunguka mashambani akipima unene wa mivule huko kwetu hudhaniwa kwanza kuwa ni mpasua mbao, na mwenye shamba ana haki ya kudhani hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililogeuza utafiti wangu wote. Mvule una miti dume na miti jike. Limeandikwa katika kila kitabu cha mimea, nami nilikuwa nalijua, lakini uzito wake katika hesabu ulinikaa nilipokuwa shambani. Dume hutoa mikia mirefu ya maua inayoning’inia, na upepo ndio unaochukua chavua yake. Jike hutoa vishada vifupi vinene vinavyogeuka kuwa tunda la kijani lenye mikunjo, mfano wa kiwavi aliyeshiba. Nje ya msimu wa maua na matunda hakuna mtu, awe na shahada ngapi, atakayeutazama mvule kutoka chini akajua ni dume au jike. Anayejua ni aliyeishi nao.

Karibu na Konde nilipelekwa kwa mzee mmoja mwenye shamba la mikarafuu ambamo mivule kadhaa mikubwa iliachwa isimame. Baada ya salamu na kahawa nilimweleza kwamba natafuta mti mama wa kuchukulia mbegu, nikamwonesha mmoja uliokuwa mkubwa kuliko yote. Akacheka.

“Huo, mwanangu, haujazaa tangu nna akili zangu. Ukitaka wenye kuzaa teremka bondeni. Huko ukifika wakati wake hulali kwa kelele za popo.”

“Na huu mwengine, babu, ule wa karibu na kisima?”

“Ule nao vivyo hivyo. Huku juu wote mabwana.”

Nilikaa naye asubuhi nzima nikiandika mti kwa mti. Jioni, mbele ya orodha yake, nilifanya hesabu ambayo Sewall Wright, mtaalamu wa jenetiki wa Kimarekani, aliieleza tangu mwaka 1931. Tuchukue kundi la kubuni la mivule 40, majike 36 na madume 4. Zidisha majike kwa madume, kisha kwa 4, halafu ugawanye kwa jumla ya miti yote, utapata 14 na kidogo. Maana yake ni kwamba kundi hilo, ambalo kwa macho ni miti 40, hupoteza utofauti wake wa kijenetiki kwa kasi ya kundi la miti 14 tu, kwa sababu kila mche unaoota lazima upate nusu ya jeni zake kutoka kwa moja ya madume manne. Anayehesabu mashina na kuandika kwamba mivule bado ipo mingi anahesabu mbao. Kwa hiyo nasihi langu la kwanza ni hili: kabla ya kupanga idadi ya sampuli, tafuta wazee wenye mashamba na uwaulize upi unazaa na upi hauzai, kisha rudi msimu wa maua uhakikishe mwenyewe.

Suala hili la miti iliyotawanyika na namna inavyopata wenza lina historia yake. Mwaka 1966 Fedorov, mtaalamu wa mimea wa Kisovieti, alijenga hoja kwamba miti ya misitu ya mvua, kwa vile ya aina moja husimama mbali mbali, inalazimika kujichavusha yenyewe. Mwaka 1974 mtaalamu mwengine wa mimea, Kamaljit Bawa, alionesha kutoka msitu wa nyanda za chini wa Costa Rica kwamba mambo ni kinyume: miti mingi ama huikataa chavua yake yenyewe ama ina dume na jike mbali mbali. Baadaye vinasaba vilimalizia ubishi, na huko Panama ikaonekana kwamba nyigu wadogo wa mikuyu ya mwituni hubeba chavua kwa umbali wa kati ya kilomita 5 na 14 hivi. Mimi nililichukua somo hilo kwa vitendo. Mpango wa awali niliopewa ulikuwa ni kuchukua sampuli ndani ya mpaka wa hifadhi tu, lakini mpaka wa hifadhi umewekwa kwa ajili ya watu, na chavua haiujui. Mivule ya mashambani ikaingia katika utafiti, na gharama ya usafiri ikapanda maradufu. Sijutii hata shilingi moja ya hiyo.

Kupata jani la mvule ni kazi ya peke yake. Mti huu unaweza kufika mita 50, na shina lake hupanda moja kwa moja bila ya tawi mpaka juu sana. Nilimwendea mkwezi hodari wa minazi, akauzunguka mti mara moja, akaweka mkono juu ya gamba, akaniambia kwa adabu kwamba huo haukumbatiki, na kwamba hata ungekumbatika, mivule mikubwa ina wenyewe na yeye ana watoto wa kulea. Tulitumia manati kubwa ya kurushia uzi, uzi ukavuta kamba, na kamba ikaangusha kijitawi. Ikishindikana siku ya upepo, tulichukua kipande cha gamba. Fundi chuma mmoja wa Wete alinikatia bomba nene la chuma na kulinoa mdomo wake ukawa mkali pande zote. Unaligonga kwa nyundo mpaka lipite gamba, utomvu mweupe unatoka na kukuganda vidoleni, kisha unabandua kiduara chenye upana wa sarafu. Gamba la nje, lililokauka, unalikwangua na kulitupa. Unachokitaka ni utando ule mwembamba wenye maji ulio kati ya gamba na mbao, kwa sababu ndiko zilipo seli hai. Ukate vipande vyembamba sana, kwani kipande kinene huoza kabla hakijakauka. Bomba lifutwe kwa spiriti baina ya mti na mti, la sivyo utapeleka maabara mti mmoja wenye vinasaba vya miwili.

Mivule iliyosimama kwenye mizimu hatukuigonga. Katika sehemu moja wenye mahali pao walituruhusu majani tu, tena kwa mkono, na baada ya kusomwa dua. Nilichukua majani ya machipukizi yaliyoota kutoka katika mizizi ya mti wenyewe, baada ya kufukua kidogo na kuona kwamba yameungana nao. Hapa kuna faida na hatari kwa pamoja. Mvule huchipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi, hivyo vijiti vitatu vinavyosimama karibu karibu huenda vikawa ni mti mmoja kwa jeni zake, na anayevihesabu kuwa ni watoto watatu anajidanganya. Miche niliyoichukua kama kizazi kipya ilikuwa ile iliyo mbali na mti mkubwa wowote, na kila shaka iliyobaki iliondolewa na vinasaba vyenyewe, kwa kuwa mashina mawili yanayofanana katika kila alama ya vinasaba iliyopimwa ni mti mmoja.

Baada ya jani kupatikana, adui ni unyevu. Njia ya kawaida ni kulitia jani ndani ya mfuko wenye silika jeli, yaani punje zinazofyonza unyevu, uzito wa silika ukiwa angalau mara 10 ya uzito wa jani, nalo hukauka haraka na kukaa bila ya jokofu. Lakini Pemba wakati wa masika hewa yenyewe ni maji, na mifuko inayofunguliwa na kufungwa mara kwa mara huvuta unyevu. Punje zangu zilikuwa za rangi ya chungwa, ambazo zikishiba maji hugeuka kijani, na asubuhi moja nilizikuta zote kijani. Nilizimimina katika sufuria kuukuu, nikaiweka juu ya seredani yenye makaa machache na kuzikoroga taratibu kwa kijiti mpaka rangi ya chungwa ikarudi punje kwa punje, huku watoto wa nyumba niliyofikia wamekaa wakingoja wagaiwe njugu. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula. Ama silika ya buluu, hiyo usiilete jikoni kabisa, kwa sababu rangi yake hutokana na chumvi ya kobalti, nayo ni sumu. Na namba ya mti iandikwe kwa penseli juu ya karatasi inayotiwa ndani ya mfuko. Wino hufutika kwa spiriti na kwa jasho.

Majani mengine yasichukuliwe hata yakiwa karibu. Miche ya mvule hushambuliwa na mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye hufanya majani na vikonyo kuvimba vinundu, na vinundu hivyo vikipasuka huingia ukungu na mche huweza kufa. Ukichukua jani lenye vinundu, ndani ya mfuko wako utakuwa na vinasaba vya mti, vya mdudu na vya ukungu.

Maabara ilikuwa na taabu zake. Majani yenye utomvu hutoa vitu vinavyonata, vyenye rangi ya kahawia, vinavyoambatana na vinasaba na kuzuia mashine ya kuvinakili isifanye kazi. Tulitumia njia ya CTAB, yaani kutoa vinasaba kwa kemikali ya aina ya sabuni inayopasua seli, iliyoenea tangu Doyle na Doyle walipoichapisha mwaka 1987, tukaongeza kemikali iitwayo PVP ili ishike zile rangi, na kabla ya hapo tukaosha unga wa majani kwa maji ya sobitoli. Kipimo cha mwanga cha 260 kwa 280, kinachoonesha usafi wa vinasaba, kikisoma karibu na 1.8 unaweza kupumua. Kilichoniuma zaidi ni fedha. Maabara niliyoitumia kusoma alama hutoza kila sampuli, iwe imesomeka au haikusomeka, na kundi la kwanza lilirudi likiwa na mapengo mengi huku bili ikiwa kamili. Masharti yalikuwa yameandikwa, kwa herufi ndogo, katika ukurasa ambao hakuna aliyenielekeza. Peleka kwanza sampuli chache za majaribio, ulipie hizo, usubiri majibu, ndipo upeleke nyingine.

Majibu yenyewe nayo hudanganya asiyekuwa na tahadhari. Nilitumia alama za mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia rudia na kutofautiana urefu baina ya mti na mti, na baadhi ya zile zilizokwisha chapishwa zilitengenezwa kutokana na mivule ya Afrika Magharibi. Alama moja ilionesha kwamba mivule ya Pemba imezaana ndugu kwa ndugu kwa kiwango cha kutisha, na kwa muda nilikosa usingizi nikidhani nimegundua msiba. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja: mti ambao hauwezi kujichavusha, kwa kuwa ni dume au jike, unawezaje kuonekana hivyo katika alama moja ilhali alama nyingine zote ziko sawa? Jawabu ni kwamba alama ile haikushika nakala moja kati ya mbili za jeni, kwa hiyo mti wenye nakala mbili tofauti ulisomeka kama una aina moja. Tuliitoa. Kwa idadi ya sampuli, miti 25 hadi 30 kwa kila kundi kwa kawaida hutosha kwa alama za aina hii, lakini naongeza kwamba idadi kama hiyo itafutwe pia kwa miche.

Kuhusu miche nataka nikazie, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaofuata mpango wa haraka hukosea. Mvule mkongwe uliosimama leo uliota wakati msitu ulikuwa mpana, wazazi wake wakiwa wengi, hivyo utofauti utakaoukuta ndani ya miti mikubwa ni habari ya zama zile. Msitu unaweza kukatwa vipande vipande na miti mikubwa ikaendelea kuonesha afya ya kijenetiki kwa miaka mingi. Athari huonekana kwa watoto. Huko Costa Rica, Aldrich na Hamrick walichapisha mwaka 1998 utafiti wa mti uitwao Symphonia globulifera katika eneo lenye vipande vya msitu na malisho ya ng’ombe: miche mingi iliyokuwa ndani ya vipande vya msitu ilikuwa watoto wa miti michache iliyobaki wazi malishoni, kwa kuwa miti hiyo ilizaa sana na mbegu zake zikaletwa na popo. Aliyetazama msitu kwa macho angeona miche tele na kufurahi, na kumbe ni watoto wa nyumba chache. Huko Ghana imeonekana kwamba popo wa matunda ndio wasafirishaji wakubwa wa mbegu za mvule, kwa hiyo mvule wa shambani unaozaa kwa wingi unaweza kufanya jambo hilo hilo kwetu. Ndiyo sababu mti mmoja wa mashambani una thamani kubwa, na pia ndiyo sababu haufai kuwa peke yake.

Kuna siku nilirudi kwenye shamba moja kuthibitisha jinsia ya jike niliyekuwa na shaka naye. Nilikuta kisiki chenye upana wa meza na unga wa mbao uliolowa mvua. Kile kibati changu chenye namba kilikuwa kimeng’olewa na kuwekwa vizuri juu ya kisiki, kama mtu arejeshavyo kitu cha watu. Aliyekata simjui, na mwenye shamba aliniambia bila ya kuficha kwamba alikuwa na mgonjwa hospitali. Sikuwa na la kumjibu. Katika daftari niliandika tarehe na neno moja, kisha nikaenda kwa Sheha kumwarifu kwamba idadi yangu imepungua. Anayeanza kazi hii ajue kwamba ataipenda miti kwa namba zake, na kwamba baadhi ya namba zitaondoka kabla ya utafiti kumalizika.

Matokeo kamili yana mahali pake katika tasnifu. Sehemu ambayo imeshatumika ni ya vitalu vya miche. Mbegu za mvule ni ndogo mno, tunda moja lina nyingi, na mwenye kitalu anaweza kujaza vitalu vyake vyote kwa matunda ya jike mmoja aliye kando ya barabara. Nilipozungumza na wenye vitalu sikutumia msamiati wa jenetiki, nilizungumza karafuu. Kila mmoja wetu anajua kwamba mkarafuu si wa hapa, kwamba mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alipata miche kutoka visiwa vya Maluku na kuipeleka Mauritius, na kwamba kutoka visiwa vile vya Bahari ya Hindi ndiyo ikaja Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mashamba yakapandwa upya kutokana na ile iliyobaki. Mti uliopita kwenye matundu membamba namna hiyo mara baada ya mara huwa na ukoo mdogo, na ugonjwa ukiupata mmoja una njia nyepesi ya kuwapata jirani zake. Wenye vitalu walilielewa hilo kabla sijamaliza.

Makubaliano tuliyofikia ni mepesi: matunda yachukuliwe kwa majike yasiyopungua kumi yaliyo mbali mbali, ya msituni na ya mashambani, idadi sawa kwa kila mmoja, na mbegu zichanganywe kabla ya kumwagwa. Orodha ya mzee wa Konde ndiyo inayotumika kuwatafuta. Kikwazo kilichobaki ni mafuta ya pikipiki, kwa sababu majike kumi yaliyo mbali mbali ni safari ya kutwa, na jike wa barabarani hahitaji safari yoyote. Msimu uliopita tulichangishana. Wa safari hii bado tunatafuta wa kuulipia.